Naomba ushauri: pawasaplai ya kompyuta inaunguza fyuzi

Wakuu, naombeni msaada. Umeme ulikatika, uliporudi kompyuta ya mezani ikawa imezima jumla. Nimefungua pawasaplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), fyuzi ya ampea 5 imeungua hadi kioo kimekuwa cheusi ndani. Nikiweka mpya inaungua papo hapo nikiwasha swichi ya ukutani, kabla hata ya kubonyeza kitufe.

Kapasita kubwa hazijavimba, dayodi nne za mwanzo (zinazogeuza umeme wa ukutani kuwa DC) nimezipima ni nzima. Ila zile transista mbili za kwenye bati la kupozea, mita inalia miguu yote, yaani zimepiga shoti. Nikibadilisha hizo tu inatosha, au rezista ndogo za kwenye besi (mguu unaoongoza transista) nazo huwa zimekufa? Nafikiria kufunga balbu ya zamani ya wati 60 badala ya fyuzi wakati wa kujaribu, ili ipunguze umeme kama shoti bado ipo. Kazi zangu zote zimesimama, nitashukuru sana.