Rigi, Rossberg au Mythen: mgongo wa mlima wenye theluji kwa siku moja, Januari

NesiWaZurich
Habari zenu wakuu. Mwezi huu nina Jumamosi moja tu ya mapumziko, na nataka kupanda mlima wenye theluji kwa miguu yangu. Naishi Zurich, sina gari. Mwaka 2019 nilifika kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, kwa njia ya Machame, kwa hiyo pumzi na miguu havinitii wasiwasi. Nimebaki na milima mitatu, yote ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo: Rigi (mita 1,798), Wildspitz kwenye mgongo wa Rossberg (mita 1,580) na Grosser Mythen (mita 1,898). Moyo wangu uko Mythen, maana ukiitazama kutoka Schwyz imesimama kama jino. Nani amepita huko wakati wa baridi?

Kibosho77
Hongera kwa Uhuru, dada. Mimi nilianza kwa kubeba mizigo Kilimanjaro, kisha nikaongoza wageni, jumla miaka tisa kabla ya kuhamia huku. Naomba niseme wazi: Mythen iondoe.

Kutoka Holzegg, pale chini ya mwamba njia inapoanzia, unapanda mita 500 hivi tu, lakini njia imechongwa ubavuni mwa mwamba, kona zaidi ya arobaini. Kiangazi wanapita hata watoto. Baridi ikiingia njia hufungwa, kwa sababu theluji huijaza mpaka isijulikane njia ni ipi na ukuta ni upi. Ukiteleza hapo hakuna cha kukushika.

Jambo la pili ni hilo la Uhuru. Kule adui ni hewa nyepesi, ndiyo maana tunawaambia wageni pole pole. Ila kwa njia ya Machame unakanyaga vumbi na changarawe karibu mpaka Stella Point pale ukingoni mwa kreta, na theluji yenyewe hatujifunzi kuisoma. Hapa hewa ni tele. Kinachoua ni mteremko uliobeba theluji isiyoshikana na iliyo chini yake. Wenzetu wengi wanaona mita 1,580 wanasema hicho ni kilima, wanakwenda na raba.

MamaAmani_Luzern
Naunga mkono. Mimi ni wa Rigi kila mwaka na watoto, na si lazima upande treni hadi kileleni. Shuka kituo cha Kaltbad, fuata vibao vya rangi ya waridi, ndivyo vya njia za baridi nchi hii (vya njano ni vya kiangazi, usivitegemee). Kutoka hapo hadi Kulm, yaani kileleni, ni kupanda mita 350 na ushei, njia imeshindiliwa kwa mashine. Ukichoka, reli iko karibu: ile ya kutoka Vitznau ilianza 1871, ya kwanza ya kupanda mlima Ulaya nzima, na hata leo inafanya kazi majira yote.

Ukitaka utulivu, kutoka Kaltbad geuka upande wa Scheidegg. Unatembea juu ya tuta la reli ya zamani iliyofungwa 1931, kilomita kama saba, karibu tambarare. Bonde likiwa na ukungu, huko juu utakuta jua, na ukungu wote uko chini yako kama bahari.

NesiWaZurich
Mama Amani, asante. Lakini kwa Rigi nahofia msongamano, na njia iliyoshindiliwa kwa mashine naona kama barabara. Kaka Kibosho, na Rossberg je?

Omar_Pemba
Assalaam alaykum. Rossberg naijua vizuri, nimeipanda mara nne kutokea Sattel. Kijiji kiko karibu mita 780, kwa hiyo una mita 800 za kupanda: malisho, msitu, kisha mgongo wenyewe. Kwenye theluji laini mimi hutumia saa tatu, na vile viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji, hukodishwa madukani. Bila hivyo unazama magotini na saa tatu zinakuwa tano.

Juu unaona Rigi, Mythen na ziwa la Zug kwa pamoja. Watu wengi huendelea magharibi hadi kilele cha Gnipen, mita 1,567, na hapo ndipo nataka unisikilize. Tarehe 2 Septemba 1806, baada ya mvua nyingi, ubavu wa kusini wa mlima huu ulikatika ukaifukia Goldau. Watu 457 walikufa. Kovu lipo mpaka leo, na upande huo wa mgongo mlima unakatika ghafla. Upepo ukivuma, theluji hujenga ukingo unaoning'inia hewani. Ukiwa juu yake unaona ardhi nyeupe tu, kumbe chini ni hewa. Mimi hutembea ndani kabisa, karibu na miti.

Kibosho77
Omar amesema kweli. Niongeze la nyasi. Milima hii midogo ina malisho yenye mwinuko mkali, na theluji hulala juu ya nyasi laini. Joto likipanda, au theluji ikiwa nzito, bamba zima huteleza mpaka ardhini. Ukiona ufa wa kahawia kwenye theluji juu yako, usipite chini yake, wala usikae hapo kunywa chai.

Taasisi ya utafiti wa theluji, SLF ya Davos, hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko kila siku saa 11 jioni, na majira haya huihuisha saa 2 asubuhi. Ngazi ni 1 hadi 5. Ngazi ya 3 wengi huisoma kama "wastani" kwa kuwa iko katikati, na ni kosa kubwa. Sehemu kubwa ya vifo hutokea siku za ngazi hiyo. Kisha fungua ramani ya swisstopo, idara ya ramani ya Uswisi, washa alama za mwinuko: kuanzia digrii 30 mteremko unapakwa rangi. Njia yako isipite kwenye rangi hiyo, wala chini yake.

MtuWaNyeri
Swali la muda, jamani. Januari jua linazama karibu saa 11 jioni. Akianza Sattel saa 3 asubuhi, yuko juu saa 6. Saa 7 awe ameshageuka, hata kama Gnipen iko mbele ya macho. Mimi niliwahi kushuka msituni na taa ya simu, betri ikazimika kwa baridi. Tangu siku hiyo nabeba taa ya kichwani, na simu naiweka kifuani chini ya koti. Namba ya Rega, wale waokoaji wa helikopta, ni 1414, iandike kabla hujatoka.

MamaAmani_Luzern
Na usiende peke yako, mwanangu. Kwa Rossberg jitafutie mtu wa pili hata humu.

Omar_Pemba
Mimi nipo Jumamosi. Mke wangu pia anakuja.

NesiWaZurich
Wakuu, nimerudi kuwapa majibu. Ijumaa jioni taarifa ilisema ngazi ya 2, asubuhi ikabaki hivyohivyo, tukaenda Rossberg. Ukungu ulituacha juu kidogo ya Sattel, kama mtu amevua shuka. Mke wa Omar ndiye aliyetangulia msituni, akafungua njia kwa viatu vile vipana, na mimi nikagundua misuli ambayo Machame haikuwahi kuigusa. Wildspitz tulifika saa 6 na nusu.

Tulielekea Gnipen kama robo saa. Upepo ulikuwa umeanza kupeperusha theluji kutoka mgongoni, na mbele yetu nyayo za watu waliotangulia zilipita ukingoni kabisa, upande wa Goldau. Omar akasimama, akachoma fimbo yake hatua mbili kutoka kwenye nyayo hizo. Ilizama yote, na kupitia kwenye tundu tukaona mwanga wa bluu kutoka chini. Tukageuka.

Saa 10 tulikuwa kituoni Sattel, soksi zimelowa, tunagawana maandazi.