Mjadala: Je, Tenniel alistahili kuikataa chapa ya kwanza ya Alisi?

Mtoa hoja: Julai 1865 Lewis Carroll alishaanza kugawa nakala za zawadi za kitabu chake cha Alisi (Alice's Adventures in Wonderland), kile kilichotoka kwa Kiswahili mwaka 1940 kama Elisi katika Nchi ya Ajabu. Tarehe 19 akapata ujumbe wa John Tenniel, mchoraji wa picha zake 42: picha zimechapwa vibaya. Carroll akafuta toleo zima la nakala 2,000, lililochapwa Oxford, na kuwaomba waliopewa wazirudishe. Kwangu mchoraji alizidisha. Maandishi yalisomeka, picha zilionekana, na mlipaji hakuwa yeye.

Mpiga chapa: "Zilionekana" si kipimo. Tenniel alichora, ndugu Dalziel wakachonga kwenye mbao, kisha zikatengenezwa nakala za shaba, na hizo ndizo zilizoingia mtamboni pamoja na herufi. Herufi hutaka mgandamizo ulio sawa ukurasa mzima. Picha haitaki hivyo. Fundi hubandika vipande vya karatasi nyembamba nyuma ya ile inayochapwa, mkabala na sehemu nyeusi, ili zibanwe zaidi, na hukata palipo na mistari myembamba paguswe kidogo tu. Akiiruka hatua hiyo, weusi hutoka na mabaka na mistari huvimba. Akiongeza wino kufidia, kivuli hutokea upande wa pili wa karatasi. Mnunuzi hamjui fundi huyo. Alama iliyo kwenye picha ni ya Tenniel.

Mtoa hoja: Mbona basi karatasi hizohizo ziliuzwa kwa Appleton, mchapishaji wa New York, zikatoka 1866? Ubovu unaishia baharini?

Mhasibu: Tazama hesabu ya Carroll mwenyewe, mwanzoni mwa Agosti: michoro pauni 138, kuchonga 142, kuchapa upya 240, jalada na matangazo kama 80. Jumla 600, zote mfukoni mwake, kwani Macmillan, wachapishaji wake, walifanya kazi kwa kamisheni. Alikadiria kuwa hata nakala 2,000 mpya zikiisha, angebaki na hasara ya pauni 200. Wakati huo karatasi za zamani alizihesabu taka. Appleton alipunguza hasara, hakuthibitisha ubora.

Mpiga chapa: Na Novemba, mpiga chapa mwingine, Richard Clay, alipotoa chapa mpya, Carroll aliiona bora mno kuliko ile ya Oxford.

Mtoa hoja: Sawa, nakubali picha ziliharibika. Lakini dosari ya namna hiyo hukamatwa karatasi ya kwanza ikitoka mtamboni, si baada ya 2,000. Lawama ya hilo haiwezi kumkwepa aliyesimamia mtambo.