Stenti ya aota: polyesta au ePTFE? Mjomba anasubiri tarehe

Kibwana_Leicester
Wakuu, habari zenu. Mjomba huku Uingereza aliitwa kwenye ile ultrasaundi ya bure wanayopewa wanaume wakitimiza miaka 65, akakutwa mshipa mkuu wa tumboni (aota) umevimba. Wanataka kumwekea stenti, yaani bomba la waya lenye kitambaa, kupitia kinena. Nasoma kwamba baada ya hapo mshipa hukakamaa na moyo hubeba mzigo zaidi. Aombe ipi, ya polyesta au ya ePTFE (ile jamii ya Tefloni)?

NesiZuhura
Mbona ya muhimu umeyaacha? Uvimbe sentimita ngapi? Presha? Figo? Na shingo, yaani kile kipande kisichovimba kati ya mishipa ya figo na uvimbe, ina urefu gani? Bila hayo tunapiga ramli.

Kibwana_Leicester
5.8. Presha anayo, anameza amlodipini. Sigara anasema ameacha. Ya shingo sikuuliza.

FundiVifaaTiba
Aota yenye afya hutanuka moyo unapopiga, kisha hujirudi na kuisukuma damu moyo ukiwa umepumzika. Ukiweka ndani yake kitu kisichotanuka, ni kama kuunga mpira wa bustani na bomba la chuma: wimbi la mapigo linakimbia zaidi, na sehemu yake inagonga kwenye maungio na kurudi moyoni mapema. Kasi yake hupimwa kati ya shingo (hii ya mwilini) na kinena. Ikizidi mita 10 kwa sekunde, mishipa inahesabiwa migumu. Kwa hiyo usitazame kitambaa peke yake. Tazama pia waya (nitinoli, yaani mchanganyiko wa nikeli na titani, au chuma cha pua), pete za waya zimepangwa vipi na stenti inafunika urefu gani. Mimi ningechukua ePTFE kama stenti ya Excluder, maana polyesta ndiyo inayoongoza kwa ile homa ya siku za mwanzo isiyo na maambukizi.

Mzee_Kigamboni
Homa inapita, bwana. Daktari Parodi alipoanza kazi hii Buenos Aires mwaka 1990 alitumia polyesta, na stenti za Endurant na Zenith ni polyesta mpaka leo. Halafu mshipa uliovimba umeshapoteza nyuzi zake za kunyumbulika. Mnalilia unyumbufu ambao mjomba hana! Ugumu ungenihangaisha kwa kijana aliyewekewa stenti ya kifuani baada ya ajali ya gari. Huyo ndiye presha hupanda na misuli ya moyo ikanenepa, na ana miaka mingi mbele yake.

FundiVifaaTiba
Kipande kilichovimba, sawa. Lakini stenti inakamata pia shingo na mishipa ya nyonga, ambako unyumbufu bado upo.

BintiMvita
Niseme ya baba yangu. Tulichangishana ukoo mzima, akapelekwa India, akarudi anatembea mwenyewe, tukachinja mbuzi. Hatukupewa ratiba yoyote ya CT (picha za ndani ya mwili), karatasi ya kutoka ilikuwa na orodha ya dawa tu. Baadaye akaanza kulalamika mgongo, tukamkanda na mafuta ya karafuu tukidhani ni uzee. Alipopigwa CT, stenti ilikuwa imeteleza chini, damu inaingia kwenye kifuko cha uvimbe, uvimbe mkubwa kuliko siku aliyoondoka. Na shingo yake ilikuwa fupi tangu mwanzo, iko kwenye picha za kwanza kabisa! Kaongezewa kipande juu, yu hai, alhamdulillahi. Msiniulize kitambaa gani. Kibwana, uliza shingo na uliza nani atamfuatilia.

Ras_Pangani
Apasuliwe tumbo yaishe. Hata mwongozo wa NICE (taasisi ya miongozo ya tiba huko Uingereza) wa 2020 unataka mwenye afya nzuri apewe upasuaji wa wazi.

NesiZuhura
Mwenye afya nzuri, ndiyo. Na huko nako anashonewa bomba la polyesta hilohilo, ugumu haujaukimbia.

Ras_Pangani
Lakini haliteleza.

NesiZuhura
*Halitelezi. Na ICU, chumba cha mahututi, utalala wewe?

Kibwana_Leicester
Nimempigia. Daktari kasema shingo "inafaa", milimita hakutaja. Mjomba kagoma kuuliza tena, anaona ni utovu wa adabu.

Mzee_Kigamboni
Mwandikie kwenye karatasi, amkabidhi daktari.

BintiMvita
Na presha aipime nyumbani. Kuna mwenye mashine nzuri? Ya kifundo cha mkono inanipa namba tofauti kila saa.

FundiVifaaTiba
Chukua ya juu ya kiwiko. Baba ana mkono mnene au mwembamba? Mkanda usipomtosha, namba zitadanganya.