Naomba ushauri: njia ya kutembea na rafiki mwenye shida ya magoti, Moshi

Habari zenu wapendwa. Mimi na rafiki yangu tumezoea, Jumapili baada ya misa ya kwanza, kupanda Materuni, kijiji cha miteremko ya Kilimanjaro, kati ya migomba na kahawa hadi kwenye maporomoko ya maji. Njiani tunasalimiana na kina mama waliojitwika majani ya ng'ombe, na kilele cha Kibo kikitokeza mawinguni tunasimama kukitazama. Sasa magoti yanamsumbua. Kupanda anaweza, kushuka ndiko kunakomtesa, hasa udongo ukilowa. Peke yangu siendi, raha yenyewe ni mazungumzo yake! Nafikiria msitu wa Rau, maana ni tambarare na una mivule yenye kivuli kizuri. Mliowahi kupita huko wakati wa masika, matope yakoje? Na fimbo husaidia kweli kwenye mteremko? Nielekezeni tafadhali.