Nimeweka Mint lakini faili za Windows sizioni, nisaidieni haraka

mtu_wa_pipeline: Wasee habari za jioni. Jumamosi niliinstoli Linux Mint, ule mfumo wa bure wa kompyuta, kwa vile Windows 10 iliachwa na Microsoft Oktoba 2025 na hii laptopu haikubali 11. Imekuwa nyepesi ajabu, sekunde kumi imewaka. Shida ni moja tu, faili za zamani sizioni. Mint huziweka folda gani? Nazihitaji kabla ya Jumapili.

debian_ni_dini: Kosa la kwanza ni Mint. Ungeweka Debian.

fundi_wa_luthuli: Achana na huyo. Ulichagua Mint ikae kando ya Windows ama ulifuta diski yote?

mtu_wa_pipeline: Nilibonyeza tu endelea, endelea. Nadhani iko kando.

shosho_wa_dos: Mnanikumbusha zile enzi Canonical, wenye Ubuntu, Linux ingine, walikuwa wanatuma sidii zake bure kwa posta, mpaka 2011 wakaacha. Niliagiza tano, moja nikaiweka kwa kompyuta ya saiba ya mjomba huko Kayole, asubuhi wateja wakaingia wakauliza ile E ya bluu ya intaneti imeenda wapi, mjomba hakuniongelesha mpaka Krismasi. Zilizobaki nimezitundika shambani zinafukuza ndege.

fundi_wa_luthuli: Ukiwasha, unaulizwa uchague Windows ama Mint?

mtu_wa_pipeline: Hapana. Sawa, nilifuta yote. Lakini faili zilikuwa D, si C.

fundi_wa_luthuli: D na C ni vyumba vya nyumba moja, na wewe umebomoa nyumba. Umeweka nini tena hapo juu?

mtu_wa_pipeline: Sinema kidogo. Kama 40GB.

mama_kitabu: Na hizo faili ni za nani? Mbona Jumapili?

mtu_wa_pipeline: Za chama. Laptopu ni ya wife, yeye ndiye mweka hazina, hesabu za miaka minne, wanachama 22, Jumapili wanagawana. Lakini yeye mwenyewe alikuwa analia eti inavuta miguu, nilikuwa namfanyia sapraizi. Nishaamua, narudisha Windows halafu nasema ni virusi. Si virusi hula faili?

mama_kitabu: Mali ya mtu unaigusaje bila kumuuliza? Mimi pia nashika hesabu za chama, kitabu chetu kilinyeshewa mwaka mmoja nikalala kwa sebule ya mwenyekiti nikinakili ujumbe wa M-Pesa mmoja mmoja. Mwambie leo, aanze kuomba taarifa ya M-Pesa mapema.

karao_wa_uzi: Ngojeni kwanza. Laptopu ya kukataliwa na Windows 11, na inawaka sekunde kumi? Basi ina SSD, diski isiyozunguka, na kwa SSD Mint ikiunda ext4, mpangilio wake wa faili, diski huambiwa iachilie kila kitu, hapo hata maombi hayafiki. Na huyu alianza na "folda gani", saa hii ana mke, wanachama 22 na Jumapili. Hii umetunga. Andika lsblk -d -o NAME,SIZE,ROTA utuletee jibu.

debian_ni_dini: Hesabu za miaka minne bila bakapu hata moja? Imetungwa.

shosho_wa_dos: Hapo tu ndipo mimi nimeamini.

mtu_wa_pipeline: sda 465.8G 1. Sekunde kumi nilitia chumvi, ni kama dakika. Na mke yupo, anakaanga chapo saa hii.

karao_wa_uzi: Mm. Hiyo 1 ya mwisho ni diski ya kuzunguka, si SSD. Naondoa kesi.

fundi_wa_luthuli: Una bahati kuliko akili. ZIMA SASA. Usirudishe Windows, hiyo itakanyaga kilichobaki. Tafuta diski ya nje ya tera moja, washa na ile fleshi ya Mint bila kuinstoli, nakili diski yote kwa programu ya ddrescue, halafu ufanyie kazi ile nakala. Jaribu TestDisk kama itaona patisheni, vile vyumba vya zamani. Ikikataa, PhotoRec, hiyo itakutolea faili za xlsx, zile za Excel, bila majina na utazifungua moja moja mpaka macho yaume.

mtu_wa_pipeline: Na zile sinema?

fundi_wa_luthuli: Zimekalia kitu. Omba zisiwe zimekalia chama.

mtu_wa_pipeline: Nimezima, naandika kwa simu. Ametoka jikoni, anataka kuingiza michango ya mwezi huu.

mama_kitabu: Na ukamwambia?

mtu_wa_pipeline: Nimesema chaja imeungua.