Je, Mwandishi wa Riwaya Ana Haki ya Kuingilia Mambo ya Sera? Hoja Yangu Kuhusu Ariyoshi Sawako

Mchangiaji aliyetangulia ameandika kwamba riwaya inayotaka kurekebisha jamii hugeuka hotuba, na amemtaja Ariyoshi Sawako wa Japani kuwa mfano wa mwandishi aliyepoteza kipaji chake kwa kuhangaikia mambo yanayowahusu wataalamu na wabunge. Napinga hoja hiyo, na kwa uzito wote.

Ariyoshi alizaliwa Wakayama mwaka 1931, akapitisha sehemu ya utoto wake katika kisiwa cha Java (Indonesia ya leo), na akafariki mwaka 1984 akiwa na miaka 53. Katika *Hishoku*, riwaya ya miaka ya 1960, alimfuata hadi Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, mwanamke wa Kijapani aliyeolewa na askari Mmarekani mweusi, wakati ambapo wanawake kama huyo walidharauliwa waziwazi kwao. Kitabu tunachobishania hapa, hata hivyo, ni *Kōkotsu no hito* cha mwaka 1972, kilichouzwa zaidi ya nakala milioni moja.

Akiko, mhusika mkuu wa riwaya hiyo, ameajiriwa katika ofisi ya mawakili. Mama mkwe wake anafariki ghafla, na ndipo familia inapong'amua kwamba baba mkwe, mzee Shigezo mwenye miaka 84, amepoteza kumbukumbu kiasi cha kutomtambua mwanawe wa kumzaa. Mtu ambaye mzee anamtambua ni Akiko, mkwe yule yule ambaye mzee alimsimanga miaka nenda miaka rudi. Tangu hapo ni Akiko anayeamka usiku kumtoa nje akojoe, anayembadilisha nepi, na anayemkimbilia barabarani anapotoroka, huku mumewe akijiweka kando kwa sababu anauona uzee wake mwenyewe katika uso wa baba yake. Akiko anapotafuta msaada wa ustawi wa jamii, anaelezwa kwamba mzee wa hali hiyo hana pa kupelekwa ila hospitali ya wagonjwa wa akili. Naye mjukuu, kijana anayejiandaa kwa mitihani, anawaomba wazazi wake wasije wakaishi muda mrefu namna hiyo. Naomba nionyeshwe hotuba iko wapi hapo.

Ni kweli kwamba baadhi ya wanaompenda Ariyoshi humpa sifa isiyo yake. Matibabu ya bure kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, yaliyoanza nchini kote Januari 1973, hayakuletwa na riwaya: jiji la Tokyo lilikwisha kuyaanzisha mwaka 1969. Lakini tazameni yaliyofuata. Serikali ililipia hospitali bila kugusa kazi aliyokuwa akiifanya Akiko nyumbani, na kwa kuwa makao ya kuwatunza wazee yalikuwa machache mno, familia nyingi ziliwalaza wazee wao hospitalini kwa miezi na miaka, si kwa sababu ya maradhi bali kwa kukosa mtu wa kuwahudumia. Matibabu hayo ya bure yalikomeshwa mwaka 1983. Bima ya matunzo ya wazee, ambayo kila mkazi huanza kuichangia afikapo miaka 40, ilianza kazi mwaka 2000 tu. Pengo ambalo watunga sera walichukua karibu miaka 30 kuanza kuliziba, Ariyoshi alikuwa ameshalieleza chumba kwa chumba, saa kwa saa.

Kuhusu *Fukugō osen*, kazi yake juu ya viuatilifu, sabuni za kemikali na kemikali zinazoongezwa kwenye vyakula, iliyotoka kwa mfululizo katika gazeti la *Asahi* kuanzia 1974 hadi 1975, nakubali kwamba hoja ya mwenzangu ina nguvu zaidi. Hadithi pale imebaki kidogo sana, na mwandishi anasema kwa sauti yake mwenyewe. Hata hivyo, wasomaji wa gazeti walikuwa wakila mchele na mboga zile zile anazozizungumzia, na sioni kwa nini wangengoja mkemia awape ruhusa ya kuuliza.

Mwenzangu anasema pia kwamba vitabu vya aina hii hufa pindi tatizo linapokwisha. Basi na atueleze ni tatizo lipi limekwisha, maana hata leo, pamoja na bima hiyo, watu wapatao laki moja nchini Japani huacha kazi kila mwaka ili kutunza wazazi au wakwe, na wengi wao ni wanawake.