Naomba ushauri: kupima mafuta ya ufuta kwa refraktomita, joto la Lindi linanichanganya

Wakuu, habari za mchana. Nauza mafuta ya ufuta hapa Lindi mjini, mengine nayachukua kwa wakamuaji wa Nachingwea. Nahofia kuuziwa yaliyochanganywa na mawese yaliyosafishwa. (Msiniambie nionje, nimeshaonja sana.)

Nimeazimwa refraktomita ya Abbe, kifaa cha mezani kinachopima jinsi mafuta yanavyopinda mwanga: unadondosha tone kwenye prizimu, unafunika, unazungusha hadi mstari wa giza na mwanga ukae katikati ya msalaba, unasoma namba.

Kwenye nyuzi 40 za sentigredi, ufuta safi unatakiwa usome kati ya 1.465 na 1.469, mawese ya maji (sehemu ya mawese isiyoganda, ndiyo ninayoihofia) 1.458 hadi 1.460. Tofauti ni kama 0.008 tu. Kwa hesabu ya ujazo, mtu akitia mawese asilimia 20 namba inashuka 0.0016 hivi. Sasa kasheshe: joto likipanda nyuzi 4, mafuta safi nayo yanashuka karibu hivyo hivyo! Na huku kwetu asubuhi na saa nane mchana ni dunia mbili.

Kuna anayepitisha maji ya moto kwenye prizimu bila ile mashine ya maabara ya kuzungusha maji yenye joto lisilobadilika? Au inatosha kuhakiki kifaa kwa maji safi (1.3330 kwenye nyuzi 20), halafu nisahihishe 0.0004 kwa kila nyuzi?

Na alizeti je? Yenyewe ni 1.461 hadi 1.468, inaingiliana na ufuta. Hapo naona kifaa hakinisaidii. Mnatumia kipimo gani kingine cha bei nafuu?